Mbili kwa kipeo cha 255, toa 19

Kuna namba yenye tarakimu 77 inayofanya kazi Kigali usiku na mchana, na wengi wanaoitegemea hawajawahi kuiona. Ukiiandika yote inasomeka hivi: 57896044618658097711785492504343953926634992332820282019728792003956564819949. Wanahisabati huifupisha: 2 kwa kipeo cha 255, toa 19. Ni namba tasa, haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Tangu Aprili 2016, WhatsApp ilipokamilisha kuwawekea watumiaji wake wote usimbaji fiche wa kutoka simu hadi simu, maongezi ya mfanyabiashara wa Kimironko na mteja wake wa Remera hufungwa kwa funguo zinazotokana na hesabu za namba hii. Vivinjari vya intaneti navyo huitumia vinapofungua tovuti nyingi zilizolindwa. Simu ya kitochi inayobonyeza *182# kutuma pesa hulindwa kwa njia nyingine, kwa siri iliyohifadhiwa ndani ya laini yenyewe. Namba tasa kubwa ziliingia mjini pamoja na intaneti na simu janja.

Historia yake ni ndefu, na mwanzo wake hauko mbali na Rwanda. Kilomita kama 200 kaskazini mwa Kigali, upande wa Kongo, mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward mahali panapoitwa Ishango. Mwaka 1950, Rwanda na Kongo zote zikiwa bado chini ya Ubelgiji, mtaalamu wa jiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa wenye urefu wa kama sentimita 10, uliopachikwa kipande kidogo cha kwatzi kwenye ncha yake. Mwanzoni umri wake ulikadiriwa kuwa miaka elfu chache. Vipimo vya baadaye vikaupeleka nyuma hadi zaidi ya miaka 20,000. Mfupa huo upo Brussels hadi leo, katika taasisi ya sayansi ya viumbe na mazingira.

Juu ya mfupa kuna alama zilizokatwa kwa makundi, katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya alama 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, wala hakuna nyingine iliyopenyezwa. Safu ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Ya tatu ina makundi manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Safu mbili za kwanza kila moja ina jumla ya 60, na ya tatu 48. Tangu de Heinzelin alipoandika habari zake mwaka 1962, watu wamebishana. Alexander Marshack aliona humo kalenda ya mwezi. Wengine wameona ushahidi kwamba watu wa Ishango walizijua namba tasa.

Mimi sioni kwamba mfupa unathibitisha hilo, ingawa moyo ungependa iwe hivyo. Ili kuijua namba tasa lazima kwanza uwe umegawanya na ukahesabu baki. Na safu ya pili, yenye 9 na 21, inaelekeza zaidi kwenye kuongeza na kupunguza moja kutoka 10 na 20. Ila mfupa unathibitisha jambo ambalo halina haja ya kutiwa chumvi: katika eneo hili la maziwa makuu, zaidi ya miaka elfu 20 iliyopita, mtu alikaa chini na jiwe kali mkononi, akahesabu kwa makusudi, akapanga hesabu yake ili ibaki.

Ushahidi wa maandishi unakuja baadaye sana, na bado ni wa bara hili. Euclid wa Alexandria, Misri, kama miaka 300 kabla ya Kristo, alionyesha kwamba namba tasa hazina mwisho. Hoja yake inaeleweka mpaka leo bila kubadilishwa: chukua namba tasa zozote ulizonazo, zizidishe zote pamoja, ongeza 1, namba unayoipata ukiigawanya kwa yoyote kati ya zile, daima inabaki 1, basi lazima ipo namba tasa nyingine ambayo hukuwa nayo. Katika mji huohuo Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene katika Libya ya leo, alifundisha njia ya kuzichuja: andika namba zote, futa vigawe vya 2, vya 3, vya 5, na kuendelea, zinazobaki ni tasa. Na Kairo, karibu na mwaka 1000, Ibn al-Haytham alitumia kanuni ambayo Ulaya iliipa jina la Mwingereza miaka zaidi ya 700 baadaye: namba ikiwa tasa, zidisha namba zote zilizo chini yake, ongeza 1, na jibu litagawanyika kwa hiyo namba bila baki. Jaribu 7. Zidisha 1 hadi 6 upate 720. Ongeza 1, ni 721. Gawanya kwa 7, unapata 103 kamili.

Kanuni ya Ibn al-Haytham ni ya kweli kwa kila namba tasa, ila haifai kwa namba kubwa, maana kuzidisha namba zote hizo ni kazi isiyokwisha. Njia fupi aliitoa Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa, katika barua ya mwaka 1640. Ikiwa namba ni tasa, na si 2 yenyewe, chukua 2, ipandishe kwa kipeo kilichopungua moja kwa namba hiyo, kisha gawanya: baki ni 1. Kwa 7, kipeo cha 6 cha 2 ni 64, na 64 kwa 7 inabaki 1. Kwa 9, kipeo cha 8 ni 256, na baki ni 4. Basi 9 si tasa, na tumejua bila kutafuta kigawo chake hata kimoja. Hapo ndipo historia ilipogeuka. Kupima kama namba ni tasa kukawa kazi moja, na kuivunja katika vigawo vyake kukawa kazi nyingine, ngumu mno kuliko ya kwanza. Siri nyingi za simu zimejengwa katika pengo lililopo kati ya kazi hizo na nyingine za aina yake. Kipimo cha Fermat hudanganyika mara chache: 341 inakipita kwa 2, ingawa ni 11 mara 31. Vipimo vya leo vimeuziba mwanya huo.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwa mkono kwamba 2 kwa kipeo cha 127, toa 1, ni tasa. Ina tarakimu 39, na kwa miaka 75 hakuna aliyepata kubwa kuliko hiyo. Kanuni yake, iliyonyooshwa na Mmarekani Derrick Lehmer mwaka 1930, inaweza kufanywa na mtu yeyote mezani kwake. Tuchukue 127, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 7, toa 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: 14. Rudia: 196 toa 2 ni 194, na ukigawanya kwa 127 inabaki 67. 67 mara 67 toa 2 ni 4,487, baki 42. 42 mara 42 toa 2 ni 1,762, baki 111. 111 mara 111 toa 2 ni 12,319, ambayo ni 127 mara 97 bila baki. Kwa kipeo cha 7 hatua ni tano. Hatua ya tano ikitoa sifuri, namba ni tasa. Imetoa sifuri.

Kompyuta zilipokuja, namba ya Lucas ilipitwa upesi. Mwaka 1952 Raphael Robinson alitumia mashine iitwayo SWAC kupata namba tasa tano mpya za umbo hilohilo katika mwaka mmoja, ya kwanza ikiwa na tarakimu 157. Rekodi ya sasa ilithibitishwa tarehe 12 Oktoba 2024: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1, namba yenye tarakimu 41,024,320. Luke Durant, aliyewahi kuwa mhandisi wa NVIDIA, alikodi vichakato vya kompyuta katika nchi 17. Dalili ya kwanza ilitoka kwenye kichakato kilichoko Dublin, na uthibitisho, kwa kanuni ileile ya Lucas na Lehmer, ukafanyika San Antonio, Texas. Namba hiyo haina kazi yoyote sokoni, nayo ni fahari ya akili ya binadamu.

Kazi ya sokoni ilianzia mwaka 1976, pale Whitfield Diffie na Martin Hellman walipoonyesha jinsi watu wawili wasiowahi kukutana wanavyoweza kupata siri moja huku wakisikilizwa. Tuseme simu moja iko Gasabo na nyingine Kicukiro. Wanakubaliana hadharani juu ya namba tasa, tuchukue 19, na namba ya kuanzia, 2. Simu ya Gasabo inachagua siri yake, 5. Inapandisha 2 kwa kipeo cha 5, inapata 32, inagawanya kwa 19 na kutuma baki, 13. Ya Kicukiro inachagua 7. Kipeo cha 7 ni 128, baki 14, inatuma 14. Sasa Gasabo inaipandisha 14 kwa siri yake, 5, na Kicukiro inaipandisha 13 kwa siri yake, 7. Gawanya kwa 19: wote wawili wanapata 10. Aliyekaa njiani amesikia 19, 2, 13 na 14. Kwa namba ndogo hivi atajaribu vipeo vyote na kuipata siri kabla chai haijapoa. Kwa namba tasa yenye mamia ya tarakimu, iliyochaguliwa vizuri, hakuna kompyuta ya kawaida inayoimaliza kazi hiyo.

Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walileta njia nyingine, RSA, ambayo ufunguo wake wa umma ni zao la namba tasa mbili za siri. Kwa ufunguo wa biti 2,048 kila moja ina tarakimu zaidi ya 300. Mwaka 1985 Neal Koblitz na Victor Miller, kila mtu kivyake, walipendekeza kufanya hesabu za vipeo juu ya nukta za mkunjo wa mlinganyo badala ya namba zenyewe, ili namba fupi zaidi zitoe ulinzi uleule. Daniel Bernstein akafuata njia hiyo mwaka 2005. Mlinganyo wake ni y kwa kipeo cha pili sawa na x kwa kipeo cha tatu, jumlisha 486,662 mara x kwa kipeo cha pili, jumlisha x. Nukta ya kuanzia ina x ya 9. Na baki zote huchukuliwa kwa 2 kwa kipeo cha 255, toa 19.

Kwa nini hiyo? Bernstein alizitaja wazi namba sita alizozipima, na sababu yake ya kuchagua ni kwamba 19 ni ndogo kuliko nyongeza na mapunguzo ya zile nyingine. Udogo huo una faida unayoweza kuiona kwa 97, namba tasa iliyo karibu na 100. Ili kupata baki ya 4,512 kwa 97 huna haja ya kugawanya. Kwa kuwa 100 ni 97 na 3, kila mia inaacha 3. Kata namba katika 45 na 12. 45 mara 3 ni 135, ongeza 12, ni 147. Kata tena: 1 mara 3, ongeza 47, ni 50. Hiyo ndiyo baki. Simu hufanya vivyo hivyo: sehemu ya namba inayovuka biti 255 inazidishwa kwa 19 na kurudishwa chini. Hesabu inakuwa nyepesi hata kwa simu ya bei nafuu, na betri inadumu.

Kigali iliingia katika historia hii ikitoka kwenye maangamizi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, chuo kikuu cha Butare kilifunguliwa tena mwaka 1995 kikiwa kimepoteza walimu na wanafunzi wake wengi. Mwaka 1997 Kigali ilipata taasisi yake ya sayansi na teknolojia, KIST, katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha kijeshi. Mahali palipofundisha vita pakaanza kufundisha hisabati na uhandisi. Mwaka 2013 iliunganishwa na vyuo vingine vya umma kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Nyaya za baharini zilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na Rwanda, isiyo na pwani, ikatandaza mkongo wake wa taifa kuzifikia. Mwaka 2010 nchi ilipitisha sheria ya kutambua saini za kielektroniki. Saini ya namna hiyo, mbele ya hakimu au afisa, ina uzito kwa sababu ya namba tasa iliyo chini yake.

Mpaka hapo Kigali ilikuwa mtumiaji. Namba ilichaguliwa kwingine, programu ikaandikwa kwingine, na Kigali ikapokea. Hali hiyo ina hatari, na hatari zake zimeshuhudiwa. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Nadia Heninger walikusanya funguo za RSA kutoka kwenye mitambo ya intaneti duniani kote na kuzilinganisha mbilimbili kwa njia ya Euclid ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, njia ya Alexandria yenye miaka 2,300. Kwa nusu asilimia ya mitambo iliyotumia ulinzi wa tovuti walipata ufunguo wa siri, kwa sababu vifaa viwili tofauti, vikikosa bahatinasibu ya kutosha vilipowashwa, vilikuwa vimechagua namba tasa ileile. Mwaka 2016 Heninger na wenzake watatu walitengeneza namba tasa ya biti 1,024 yenye mlango wa siri ndani yake: kwa macho ya mpimaji ni tasa kamili, lakini aliyeitengeneza aliweza kuivunja siri yake kwa miezi kama miwili. Ndiyo maana uwazi wa Bernstein una thamani. Namba iliyotolewa bila maelezo ya ilikotoka ni namba ya kuombwa uaminifu, na nchi haipaswi kuitoa dhamana ya raia wake kwa uaminifu wa aina hiyo.

Lakini namba tasa ina sifa ambayo hati ya mamlaka yoyote haina: kila mtu anaweza kuipima mwenyewe na kupata jibu lilelile. Kigali imewekeza katika watu wanaoweza kuipima. Mwaka 2016 Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, ilifungua kituo chake hapa. Neil Turok, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini, aliianzisha AIMS huko Muizenberg mwaka 2003 kwa mtindo ambao ungali ni wake: wanafunzi kutoka nchi nyingi za bara wanaishi pamoja, wahadhiri wageni wanakuja kufundisha kozi za wiki chache, na maswali hayaishi saa za darasa zikiisha. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na programu huru kama SageMath akiiuliza kama 2 kwa kipeo cha 255, toa 19, ni tasa, hupata jibu kabla hajauondoa mkono kwenye kibodi.

Asiyeridhika na neno la programu anaweza kwenda mbali zaidi. Mwaka 1975 Vaughan Pratt alionyesha kwamba namba tasa inaweza kubeba cheti chake, kwa kuvunja katika vigawo ile namba iliyopungua kwake kwa moja. Ya kwetu ikitolewa 1 inavunjika kuwa 2, na 2 tena, na 3, na 65,147, na namba tasa moja yenye tarakimu 71. Hiyo ya mwisho nayo hudai cheti chake, na kinachofuata hudai cha kwake, hadi unafika kwenye namba ndogo ambazo mtoto wa shule anazithibitisha. Kila hatua inakaguliwa na anayetaka.

Wanafunzi wamewahi kufanya makubwa zaidi ya kukagua. Agosti 2002, huko Kanpur nchini India, Manindra Agrawal pamoja na Neeraj Kayal na Nitin Saxena, wawili hao wakiwa ndiyo kwanza wamemaliza shahada ya kwanza, walitoa njia ya haraka na ya uhakika kamili ya kupima namba tasa yoyote, swali lililokuwa limewashinda magwiji wa nchi tajiri kwa miongo. Hoja ilikuwa fupi na hisabati yake haikuwa ya ajabu. Ninapoona Kigali ikiwa mwenyeji wa Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika mwaka 2023, vijana wa sekondari wakihangaika na nadharia ya namba pamoja na jometri na aljebra, nawafikiria wale wawili wa Kanpur, na siamini kwamba umbali kati yao ni mkubwa.

Kazi mpya tayari ipo. Mwaka 1994 Peter Shor alithibitisha kwamba kompyuta ya kikwantamu, ikijengwa kubwa ya kutosha, itavunja RSA, njia ya Diffie na Hellman, na hata mkunjo wa Bernstein. Namba itabaki tasa milele, ila siri zilizofungwa kwayo zitafunguka. AIMS ilianzisha Kigali kituo cha utafiti wa sayansi ya kikwantamu, Quantum Leap Africa, na Agosti 2024 Marekani ilitangaza viwango vya kwanza vya usimbaji fiche vinavyotarajiwa kuihimili mashine hiyo. Vivinjari vikubwa vimeanza kutumia njia mpya na ya zamani kwa pamoja, ili moja ikianguka nyingine isimame.

Njia mpya nayo ina namba tasa yake, nayo ni 3,329. Ulinzi wake hautokani na ukubwa wa namba, unatokana na milinganyo mingi iliyotiwa makosa madogo kwa makusudi. 3,329 ilichaguliwa kwa sababu ukiitoa 1 unapata 3,328, ambayo ni 256 mara 13, na 256 hiyo ndiyo inayoharakisha kuzidisha. Mwanafunzi wa sekondari wa Nyamirambo anaweza kuipima kwa kalamu. 58 mara 58 ni 3,364, tayari imezidi, kwa hiyo anajaribu namba tasa 16 tu, kuanzia 2. Ya mwisho ni 53: inaingia mara 62, na baki ni 43.